Kompyuta ya analogi studioni: tununue, tuunde, au tuachane nayo?

Vijana wanne wenye studio ndogo ya muziki huku Mabatini, Mwanza, wamekwama kwenye ubishi. Wamechangishana fedha kwa karibu mwaka mzima. Wawili wanataka kuagiza kutoka Ujerumani kompyuta ya analogi iitwayo The Analog Thing, waitumie kutengenezea sauti. Wawili wengine wanataka laptopu ya pili na maikrofoni nzuri. Nimefundisha fizikia sekondari miaka mingi na wawili kati yao walipita darasani kwangu, basi wakaniita niamue. "Shikamoo mwalimu. Tuambie ukweli, hiki kitu kina maana au ni fasheni tu?"

Ubishi wao una uzito kuliko unavyoonekana, kwa hiyo naujibu kwa maandishi, maana najua si wao peke yao wanaojiuliza.

Kwanza kitu chenyewe. Kompyuta tulizozizoea, za simu na laptopu, hufanya hesabu kwa namba, hatua baada ya hatua. Ya analogi haina namba ndani. Ina volti. Jambo lolote unalotaka kulihesabu, iwe mwendo, joto au kina cha maji, unalipatia volti ya kuliwakilisha, kisha unaunganisha vipande kwa waya ili volti hizo zifuate kanuni ileile inayofuatwa na kitu halisi. Huandiki programu, unachomeka waya. Kuna vipande vya kujumlisha, vya kugeuza alama, vya kuzidisha, na kipande kikuu kuliko vyote ambacho mimi hukiita kilimbikizi.

Mtu wa ziwani haitaji mfano wa mbali ili akielewe. Ziwa letu lenyewe ni kilimbikizi. Maji yanaingia kwa mvua na kwa mito kama Kagera, Mara na Simiyu. Yanatoka kwa kukaushwa na jua na kwa Mto Nile pale Jinja. Kina unachokiona leo ni malimbikizo ya tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka tangu zamani. Ndiyo maana mvua nyingi za mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 zilipandisha maji mpaka kwenye nyumba na mialo, na mvua zilipopungua ziwa halikurudi nyuma siku hiyohiyo. Mwaka 1949 Bill Phillips, mtu wa New Zealand, alijenga London mashine ya kuhesabu uchumi wa nchi kwa maji yanayotiririka ndani ya matangi angavu. Nayo ilikuwa kompyuta ya analogi. Ya umeme inafanya vilevile, ila tangi lake ni kapasita, kipande kinachohifadhi chaji ya umeme.

Chukua vilimbikizi viwili na kigeuza alama kimoja, uviunganishe mduara. Volti itaanza kuyumba juu na chini yenyewe. Ipeleke kwenye spika, utasikia sauti. Kwa hiyo muziki haukuja kwenye saketi hizi kama mgeni. Robert Moog na Don Buchla, walipotengeneza sinthesaiza zao, yaani ala zinazozalisha sauti kwa umeme, Marekani miaka ya 1960, walijenga kwa vipande vya ukoo huohuo. Mwaka 1967 Kerwin, Huelsman na Newcomb walieleza chujio la masafa ambalo kiini chake ni vilimbikizi viwili vilivyofungwa mduara, na chujio hilo limeingia kwenye sinthesaiza nyingi. Tofauti ni moja, na kwangu ndiyo kubwa: sinthesaiza inakuja na uamuzi wa mtu mwingine kuhusu sauti inavyopaswa kuzaliwa, wakati kompyuta ya analogi haina sauti yoyote mpaka uipe kanuni.

Sikutaka kuhukumu kwa nadharia. Nilikwenda kwa fundi redio ninayemfahamu upande wa Makoroboi, mtaa uliopewa jina na taa za koroboi zilizokuwa zikifuliwa pale kwa mabati chakavu. Nilimweleza ninachotaka: saketi inayofuata kanuni ya ngozi ya ngoma. Ukiisukuma ngozi inarudi, na kadiri unavyoisukuma mbali ndivyo inavyovuta kwa nguvu kurudi. Pia kuna msuguano kidogo unaoifanya itulie. Hesabu nzima ni hiyo.

Akavuta boksi la amplifaya zilizokufa. Akachomoa aisii mbili za TL074, ambazo kila moja ina opampu (vikuza volti) nne ndani, rezista (vizuizi vya umeme) za kiloomu 100, na kapasita zilizoandikwa 103, yaani nanofaradi 10. Rezista ya 100 na kapasita ya 10 katika kila kilimbikizi zinatoa mtetemo wa takriban Hezi 159, yaani mara 159 kwa sekunde, sauti nzito ya kifuani. Tukaweka rezista ya megaomu 10 sambamba na kapasita moja ili iwe msuguano. Akagusa waya. Spika ikatoa *dum* iliyofifia ndani ya kama nusu sekunde. Fundi akanitazama. "Mwalimu, hii haijarekodiwa mahali?" Haijarekodiwa. Saketi ilikuwa inatatua mlinganyo, na jibu lake ndilo tulilolisikia.

Hapo naelewa kwa nini wale vijana wawili wamenogewa. Kwenye laptopu unachagua ngoma kutoka kwenye orodha. Hapa unashika msuguano kwa kidole. Nilibadilisha rezista ya kilimbikizi kimoja kutoka 100 hadi 50. Sauti ikapanda, lakini haikufika oktava, yaani masafa mara mbili, ilipanda kwa kipeuo cha pili cha mbili tu. Nilipobadilisha na ya pili, ikafika. Mwanafunzi niliyemfundisha kipeuo cha pili kwa chaki miaka mitatu angekisikia kwa sikio ndani ya dakika moja.

Lakini ngoma halisi haina mtetemo mmoja. Ngozi ya duara iliyowambwa hutetemeka kwa namna nyingi kwa pamoja, na kwa ngozi kamilifu uwiano wa masafa yake ni 1, kisha 1.593, kisha 2.135, kisha 2.295, na kuendelea. Hewa iliyo ndani ya mzinga huusogezasogeza uwiano huo, na ndiyo sababu mojawapo ngoma mbili hazifanani. Kila mtetemo unataka vilimbikizi viwili. The Analog Thing ina vilimbikizi 5. Maana yake mashine nzima ya Kijerumani, yenye bei ya mamia ya euro kabla ya usafirishaji na ushuru, inakupa mitetemo miwili ya ngoma moja na kilimbikizi kimoja cha ziada. Laptopu ya mtumba inapiga hesabu ya mamia ya mitetemo na bado inabaki na nafasi ya kurekodi kwaya.

Hoja hii ni nzito na sioni wa kuipangua. Wale wa upande wa laptopu walikuwa na nyingine nzito kuliko hiyo: kama unataka sauti ya ngoma ya Kisukuma, si uende kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, ukaombe kurekodi ngoma yenyewe? Kwa nini uigize kwa waya kitu ambacho kipo, kinapigwa, na kina wenyewe? Nilikaa na swali hilo siku mbili. Jibu langu ni kwamba ukitaka ngoma iliyopo, karekodi, na uwalipe wapigaji. Mlinganyo una faida pale tu unapotaka ngoma ambayo hakuna gogo wala ngozi itakayokupa: ngozi inayokaza zaidi kadiri inavyopigwa kwa nguvu, au inayobadili kanuni katikati ya pigo.

Ngozi ya kweli ina tabia hiyo kidogo. Ukiipiga sana sauti inaanza juu kisha inashuka, kwa kuwa imevutika. Kuiandika kwenye saketi kunahitaji kupata volti mara volti mara volti, kazi ya vizidishi viwili. The Analog Thing ina viwili kamili. Hapo mashine ya kununua inapata heshima yake, kwa sababu aisii za kuzidisha sikuzikuta kwenye boksi la amplifaya. Fundi alipendekeza tuweke diodi mbili (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zilizogeuziana migongo ili mkunjo uanze volti zikizidi. Ni njia ya zamani, hata kompyuta kubwa za analogi zilitumia diodi kutengeneza mikunjo ya hesabu. Tumejaribu. Si sawasawa na mlinganyo, ila sikio linaona mshuko.

Nije kwenye makosa. Hata vipande vikilinganishwa vizuri, asilimia 1 ni kosa la kawaida kwa saketi ndogo kama hizi. Kwa injinia si vibaya. Kwa mwanamuziki, noti ya Hezi 440 ikikosewa kwa asilimia 1 na kusikika pamoja na kinanda kilicho sahihi, utasikia wimbi likipanda na kushuka zaidi ya mara nne kwa sekunde. Mwanakwaya yeyote atakunja uso. Joto la mchana likipanda, vipande vinahama tena. Wapo wanaosema huo ndio uhai wa analogi. Mimi nasema inategemea kazi: wapigaji wetu huzipasha ngoma moto kabla ya mchezo kwa sababu ngozi huhama, na hakuna anayelalamika, lakini hakuna pia anayeikabidhi ngoma kazi ya kumpa mwimbaji noti. Tumieni analogi kwa mapigo, vishindo na mingurumo. Msiitegemee kwa melodi inayoongozana na gitaa.

Halafu haina kumbukumbu. Waya ulizochomeka Jumatano zikichomolewa Alhamisi, sauti imekwenda. Unaweza kupiga picha ya waya na kuandika namba za volyumu, na bado isirudi ileile. Kwa studio inayoishi kwa wateja wanaorudi wiki ijayo kusema "ile ya juzi ilikuwa nzuri, irudishe," hili si dogo.

Kuna hoja moja ya watu wa analogi ambayo naona inakuzwa kupita kiasi, ile ya ucheleweshaji. Ni kweli laptopu inakusanya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, kabla ya kutoa sauti. Ikikusanya 512 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, inachelewa karibu milisekunde 12, na analogi haichelewi kwa namna unayoweza kuisikia. Lakini sauti hewani, katika milisekunde hizo, inasafiri mita nne hivi. Wachezaji wetu wamezoea kucheza mbali zaidi ya hapo kutoka kwenye ngoma, na hawapotezi hatua.

Na tusisahau singeli. Muziki wa kielektroniki uliotoka Tanzania ukashangaza dunia, wenye mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, ulizaliwa Dar es Salaam kwenye vitongoji kama Manzese na Tandale, kwa kompyuta za kawaida na programu za kawaida. Waliouanzisha hawakungoja kifaa kutoka Ulaya. Walichukua kilichokuwapo wakakikimbiza mpaka kikawa chao. Ninapoupima ubishi wa Mabatini, mfano huu ndio unaonisumbua zaidi upande wa analogi, kwa kuwa unaonyesha upya wa muziki haukutegemea upya wa mashine.

Hata hivyo mfano huohuo unageuka ukiutazama vizuri. Kilichokuwapo kwao kilikuwa laptopu. Mwanza tunazo laptopu, na tuna pia maboksi ya amplifaya zilizokufa na mafundi wanaojua kila kipande kilichomo. Tuna betri za sola za volti 12 zinazowasha taa za dagaa usiku ziwani. Mbili zikiungwa mfululizo, katikati ukipafanya sifuri, unapata chanya na hasi zinazohitajiwa na opampu, hata umeme ukikatika. Bernd Ulmann na wenzake waliotengeneza The Analog Thing wameuacha mchoro wa saketi wazi, kila mtu ausome na kuunda. Siwezi kuishukuru kazi yao vya kutosha. Na kuisoma ni bure.

Kwa hiyo niliwaambia hivi, wote wanne wakiwa wamekaa. Fedha iende kwa laptopu na maikrofoni, kwa sababu bila kinasa sauti cha kuaminika chochote kitakachotoka kwenye waya kitapotelea hewani. Muda, ule wa jioni baada ya wateja, uende kwenye kompyuta ya analogi, mkiiunda wenyewe kwa chakavu, mtetemo mmoja baada ya mwingine. Mkifika mahali diodi zimewashinda na mnataka vizidishi vya kweli, hapo ongeeni upya habari ya kuagiza, mkijua mnanunua nini.

Yule aliyekuwa mkali zaidi upande wa Ujerumani hakufurahi. Alisema nimemhukumia miezi ya kuchomelea risasi wakati angeweza kufungua boksi na kuanza. Ana haki ya kuona hivyo. Kuna watu ambao kazi ya mikono inawamaliza kabla hawajafika kwenye muziki, na kwao boksi lililokamilika lina thamani ambayo mimi, niliyezoea maabara yenye vifaa pungufu, huenda naipunja.

Jumamosi alikuja Makoroboi hata hivyo. Mtetemo wa pili, ule wa 1.593, ulihitaji rezista ya kiloomu 62.8, na hakuna rezista ya namba hiyo. Fundi aliunganisha ya 56 na ya 6.8 mfululizo akatabasamu. Wa tatu unataka 47, na hiyo ipo tele. Kinachokosekana ni aisii ya tatu na kapasita mbili za 103 zinazolingana, kwa sababu zile za kuchomoa hupishana kwa asilimia 10 na uwiano wote unaharibika. Kijana amechukua mita ya fundi na boksi la kapasita, anazipima moja moja na kuziandika kwenye daftari. Mpaka naondoka alikuwa amefika ya thelathini na moja.