Peeping Tom, onyesho kwa onyesho: ni jicho la nani lililo kwenye kamera?

Filamu nyingi za kutisha hugawa watu kwa sababu ya damu. Peeping Tom (yaani mchunguliaji wa siri) ya mwongozaji Mwingereza Michael Powell, iliyoanza kuonyeshwa London Aprili 1960, karibu haina damu. Wanawake watatu wanauawa na hatuonyeshwi jeraha la hata mmoja wao. Pamoja na hayo, wakosoaji wa Uingereza waliirarua. Yule wa gazeti la Tribune aliandika kwamba dawa yake ni kuizoa kwa koleo na kuimwaga haraka kwenye mfereji wa maji taka ulio karibu, na kwamba hata hapo uvundo ungebaki. Powell, ambaye miaka 12 nyuma alikuwa ameongoza The Red Shoes pamoja na Emeric Pressburger, alipoteza heshima yake nyumbani, na filamu zake kubwa za mwisho alizifanyia Australia.

Naona wale wakosoaji hawakuwa vipofu. Kilichowachoma walikiona sawasawa: filamu hii inamkalisha mtazamaji kwenye kiti cha muuaji na haimruhusu kuinuka. Walichokosa ni kuona kwamba jambo hilo limefanywa kwa makusudi na kwa ufundi ambao mtu anaweza kuuonyesha kwa kidole. Nitaupitia hadi dakika ya mwisho, kwa hiyo anayetaka kuitazama bila kujua siri yake aishie hapa.

Tuanze na barabara. Mshale unachoma shabaha, nembo ya Powell mwenyewe, kisha jicho linafumbuka na kujaza skrini nzima. Baada ya hapo tuko kwenye uchochoro wa London usiku, na kahaba aitwaye Dora amesimama mbele ya dirisha la duka. Mark Lewis, kijana ambaye ndiye muuaji wetu, anamsogelea huku akipiga mluzi. Kamera yake ndogo ya milimita 16 imefichwa ndani ya koti, lenzi tu ndiyo imechungulia. Kuanzia hapo tunaona kila kitu kupitia dirisha la kulengea la kamera, na katikati ya picha kuna msalaba mwembamba: mgongo wa Dora, ngazi, mwanamke mwingine anayeshuka, chumba, kitanda. Mwanga unamulika usoni, Dora anarudi nyuma, anapiga kelele, picha inakatwa.

Hapa ndipo penye ufunguo wa filamu nzima, na ni rahisi kupita bila kuuona. Kamera iko kifuani, ndani ya koti. Macho ya Mark yako juu, yanamtazama Dora ana kwa ana. Basi nani anayeangalia kwenye lile dirisha lenye msalaba? Mark hawezi, kichwa chake hakipo hapo. Aliyepo hapo ni mtazamaji peke yake. Powell alikuwa fundi wa miaka mingi, na jambo kama hilo halimponyoki mtu wa aina yake. Ametuwekea picha ambayo ndani ya hadithi hakuna anayeiona isipokuwa sisi.

Kisha majina ya waigizaji yanapita juu ya tukio lilelile, safari hii bila rangi, likirushwa na projekta kwenye ukuta wa chumba cha Mark. Kuna kinanda kimoja tu, kikipigwa kama kwenye sinema za zamani zisizo na sauti. Mauaji tuliyoyaona kwa rangi tunayaona mara ya pili, na sasa tumekaa nyuma ya mabega ya muuaji tukitazama anachotazama. Tofauti ya rangi na nyeusi-nyeupe imeshikiliwa kwa nidhamu mwanzo hadi mwisho: maisha yana rangi kali, nyekundu na buluu za kuumiza macho, na mikanda ya Mark haina.

Mnung'uniko mmoja wa kiufundi una haki. Mkanda wa futi 100 kwenye kamera kama ile unaisha chini ya dakika tatu, na picha ya usiku kwenye uchochoro, kwa filamu ya miaka ile, ingetoka giza tupu. Mark anapata picha safi mno. Lakini mngurumo wa kamera tunausikia, na kwangu mlio huo una kazi kubwa kuliko usahihi wa mwanga.

Asubuhi yake polisi wanautoa mwili, na Mark yupo pale na kamera yake, anarekodi. Mtu anamuuliza anafanyia gazeti gani. Anajibu: The Observer. Ni gazeti la kweli, na jibu ni la kweli pia, kwa sababu jina hilo maana yake ni “mtazamaji”.

Onyesho la duka la magazeti ni fupi lakini lina sumu. Mzee mmoja, aliyeigizwa na Miles Malleson, anaingia kununua magazeti ya heshima, kisha kwa aibu anaulizia picha za wanawake. Katikati ya mazungumzo anaingia msichana mdogo kununua chokoleti, na wanaume wote wawili wananyamaza. Mzee anaondoka na picha zake ndani ya bahasha iliyoandikwa kwamba ni vitabu vya elimu, na magazeti anayasahau kaunta. Ghorofani, Mark ndiye anayezipiga picha hizo. Wanamitindo wazuri hawamshughulishi. Anaganda anapomwona binti mgeni mwenye kovu mdomoni, na kamera yake mwenyewe ndiyo anayoichukua. Kwa hiyo tangu dakika za mwanzo tunaambiwa mambo mawili: wanunuzi wa picha ni watu wenye heshima zao, na anachotafuta Mark si uzuri.

Sasa Helen. Ni mpangaji wa chini, ametimiza miaka 21, na anampelekea Mark kipande cha keki. Mark ndiye mwenye nyumba, ingawa anaishi humo kama mpangaji wa kawaida. Helen, aliyeigizwa na Anna Massey, anaomba kuonyeshwa moja ya filamu zake kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mark anamwonyesha utoto wake. Baba yake, Profesa Lewis, alikuwa akichunguza woga, na mtoto ndiye aliyekuwa kifaa cha utafiti: anaamshwa usiku kwa mwanga machoni, anatupiwa mjusi kitandani, anarekodiwa akimuaga mama yake aliyekufa. Kisha anatokea mwanamke mwingine ufukweni. Mark anaeleza kwamba baba alimwoa wiki sita baada ya kipande kilichotangulia. Kifo cha mama yake mzazi kwake kimekuwa “kipande” cha filamu. Mstari huo mmoja unamweleza Mark kuliko maelezo yote ya kitaalamu yatakayofuata.

Kinachofanya onyesho hili liumize zaidi ni waigizaji wake. Profesa tunayemwona kwenye mkanda ni Michael Powell mwenyewe, na yule mtoto ni mwanawe wa kumzaa, Columba. Wapo wanaoona hapo mwongozaji amevuka mpaka. Nauelewa ukali wao, ila nadhani amejiweka kizimbani. Angeweza kumpa jukumu hilo mwigizaji yeyote na kubaki mikono safi.

Inabidi niseme neno kuhusu aliyemwigiza Mark. Ni Karlheinz Böhm, ambaye hapa jina lake limeandikwa Carl Boehm. Watazamaji wa Ujerumani na Austria walimjua kama mfalme kijana mpole wa filamu za Sissi, akiwa na Romy Schneider. Lafudhi yake ya Kijerumani haielezwi popote, na ni kasoro: baba yake kwenye hadithi ni Mwingereza. Lakini sauti ile ya chini, ya mtu anayeomba radhi kwa kuwepo, ndiyo inayotuzuia kumchukia. Huyu ndiye yuleyule aliyeanzisha shirika la Menschen für Menschen mwaka 1981 na kutumia miaka iliyobaki ya maisha yake kuisaidia Ethiopia.

Onyesho la studio ndilo refu na ndilo linalolalamikiwa kwa kuburuta. Mchana Mark ni mshika fokasi: kazi yake ni kuhakikisha uso wa mwigizaji unabaki mkali kadiri anavyosogea mbele au nyuma ya lenzi. Usiku, studio ikiwa imefungwa, Vivian, anayesimama badala ya nyota wakati taa zinapangwa, amebaki kwa siri ili Mark amrekodi. Vivian ni Moira Shearer, yule mcheza baleti wa The Red Shoes. Anawasha tepu yake na kucheza, anazunguka kati ya mitambo, na Mark anapanga taa moja baada ya nyingine bila haraka.

Wanaosema dansi ni ndefu mno hawajaangalia mikono ya Mark. Muda wote ule anatayarisha. Ni maandalizi halisi ya kupiga picha: mwanga, umbali, mahali pa kusimama. Anamwomba Vivian aigize woga, naye hawezi, kwa sababu hana cha kuogopa. Ndipo Mark anapoinua mguu mmoja wa stendi ya kamera, kifuniko kinatoka, na ncha kali inaonekana. Kamera, stendi na silaha ni kitu kimoja. Nyuma ya Vivian kuna sanduku kubwa la buluu lililo wazi.

Kesho yake sanduku hilo liko kwenye seti ya vichekesho. Nyota wa filamu, Diane, ameshindwa siku nzima kuzimia kwa namna inayoaminika, na mwongozaji amechoka naye. Mwili unapogunduliwa, Diane anazimia kwelikweli, na mwongozaji anafoka kwamba mjinga huyu amezimia kwenye onyesho lisilo lake. Sinema nzima inacheka, kisha inakumbuka ndani ya sanduku kuna nani. Mwongozaji huyo ameigizwa na Esmond Knight, mwigizaji aliyejeruhiwa macho katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa baharini na kubaki na uoni hafifu. Powell kumpa yeye nafasi ya mtu asiyetambua mwigizaji wake amezimia kweli ni uamuzi mkali sana.

Polisi nitawapita haraka. Inspekta Gregg anagundua kwamba nyuso za marehemu zina woga usio wa kawaida, na hilo ni muhimu. Mengine ni ya kujaza. Dhaifu kupita yote ni lile la daktari wa akili anayeletwa studio, akamweleza Mark jina la ugonjwa wake na muda wa tiba. Leo Marks, mwandishi wa filamu hii, wakati wa vita hivyohivyo alikuwa mkuu wa misimbo ya siri ya kuandikia ujumbe kwa wapelelezi wa Uingereza, na mahali pengine pote anaficha maana ili tuitafute. Hapo tu ameifumbua mwenyewe bila kuombwa.

Onyesho bora kuliko yote halina mauaji. Mama yake Helen, Bibi Stephens, ni kipofu, anapenda wiski, na kila usiku husikia nyayo za Mark juu ya dari yake. Mark anarudi na kumkuta ndani ya chumba cha siri, gizani, na fimbo yake yenye ncha. Anarusha mkanda wa Vivian ukutani huku mama huyo akisimama pale na kumuuliza anaona nini. Kwenye mkanda taa zimefifia mapema, Mark amekosa alichotaka, na mwili wake unajikunja kwa uchungu. Anawasha taa na kumwelekezea kamera mama kipofu, kisha anashindwa. Badala yake mama ananyoosha vidole na kuupapasa uso wa Mark taratibu.

Mara ya kwanza mtu hudhani Mark amemwonea huruma. Ukishajua siri ya mwisho unaona sababu ya baridi zaidi: pamoja na ncha, stendi ile imefungwa kioo kinachopotosha sura. Kila aliyekufa alilazimishwa kutazama uso wake mwenyewe ukiwa umeharibika kwa woga, na woga huo ukauzaa woga mkubwa zaidi. Kwa asiyeona, mtambo wote ni bure. Rudi sasa kwa Dora: ule mwanga uliomcheza usoni kabla ya picha kukatwa ulikuwa mng'ao wa kioo. Jibu lilikuwa mbele yetu tangu mwanzo, nasi tulikuwa tunatazama uso wa Dora, kama Mark.

Kwa mauaji ya Milly, mmoja wa wanamitindo wa kule juu ya duka la magazeti, filamu inaonyesha kidogo sana, na ni sawa. Askari aliyetumwa kumfuata Mark yuko nje anasubiri.

Mwisho unakuja kwa kasi. Helen anawasha projekta akiwa peke yake, na tunamwona yeye akiona, bila kuonyeshwa anachokiona. Mark anamweleza kioo, anamwambia ukweli wote, hamuui. Anavunja dirisha na kuwarekodi polisi wakifika. Kisha anakimbia kuelekea ncha ya stendi yake, kamera alizozipanga zikimpiga picha kwa mfululizo na vilio vyake vya utotoni vikitoka kwenye tepu. Anasema anaogopa, na anafurahi kwamba anaogopa. Mkanda wa projekta unaisha, na sauti ya mtoto inamuaga baba yake na kumwomba amshike mkono.

Hapo ndipo ninapokubaliana na wapinzani kwa sehemu. Wanawake watatu wamekufa, na sauti ya mwisho ni ya muuaji akiwa mtoto. Dora hatujui hata jina lake la pili. Mwaka 1979, Martin Scorsese alipoisaidia filamu hii kurudi kwenye sinema za Marekani, sifa zilimiminika na lawama hii ikafunikwa. Haikupaswa kufunikwa. Dilys Powell, mkosoaji wa Sunday Times asiye na undugu na mwongozaji, aliyeilaani mwaka 1960, aliomba radhi hadharani mwaka 1994. Ningependa kuona wanaoisifu wakijibu swali la Dora kwa uaminifu uleule.

Anayetaka kuitazama atafute toleo lililokarabatiwa, la karibu dakika 101, na aepuke nakala za mtandaoni zilizofifia, kwa sababu nyekundu ikigeuka kahawia tofauti kati ya maisha na mikanda ya Mark inapotea. Skrini ya simu inaua onyesho la mama kipofu, ambalo nusu yake ni giza. Atumie spika nzuri au vifaa vya masikioni, asikilize mngurumo wa kamera unaanza lini, kisha akimaliza arudi kwenye dakika tano za mwanzo.