Majani ya Mtaroni Yana Mlaji

Ukisema Moshi au Arusha iache kupulizia dawa ya magugu kwenye kingo za mitaro na barabara, jibu linakuja haraka: wafyekaji atawalipa nani? Mtu mmoja mwenye bomba la mgongoni la lita 16 anatembea tu, na mtaa umekwisha kabla jua halijawa kali. Wafyekaji wanahitaji siku kadhaa, na masika ikichanganya wanaitwa tena baada ya wiki tatu. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inaishia siku ya kupulizia. Imesahau kwamba majani ya miji hii yana mlaji.

Asubuhi na mapema kando ya mitaro ya Pasua au Njoro, mjini Moshi, utamkuta mama ameinama na mundu. Anashika majani kwa mkono wa kushoto, anakata karibu na ardhi, anaweka kitita pembeni. Yakitosha anafunga furushi kwa kamba ya mgomba, nalo linapanda kichwani au kwenye bodaboda kwenda kwa ng'ombe wa ndani. Hatua chache mbele mwingine anachuma mnavu wa mchana.

Sasa weka dawa hapo. Glifosati, ambayo ndiyo iliyomo kwenye nyingi ya dawa hizi, haichomi jani papo hapo. Inaingia kwa jani na kushuka hadi mizizini, ikizuia mmea kujitengenezea viini vya protini. Magugu ya msimu huanza kugeuka manjano kati ya siku ya 4 na ya 7. Ya kudumu, kama sangari, huchukua wiki au zaidi, na katika baridi ya Juni na Julai yanachelewa hata kuliko hapo. Maana yake ni kwamba kwa siku nyingi ukingo uliopuliziwa unafanana kabisa na ule ambao haukuguswa, na mwenye mundu hana namna ya kujua. Shambani kuna mwenye shamba wa kumzuia mtu na ng'ombe wake. Mtaro hauna mlango. Anayepulizia angeweza kutia rangi ya alama kwenye dawa na kusimamisha vibao, lakini akishalipia rangi, vibao na mtu wa kuvilinda, ule unafuu uliosifiwa umepungua sana.

Mjadala wa saratani msomaji anaujua: mwaka 2015 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka glifosati katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukairefushia kibali kwa miaka 10. Kwa hapa kwetu sihitaji kusubiri mjadala huo uishe. Furushi la majani linatosha kunishawishi.

Na liko suala la mteremko. Miji yote miwili imekaa kwenye miguu ya mlima, juu ya udongo wa volkano ambao, ukiwa mtupu, mvua inaubeba. Ukingo uliouliwa majani yote hubaki na mizizi iliyooza, na mvua kubwa ya Aprili inaushusha ndani ya mtaro. Fedha iliyookolewa kwenye kufyeka inatumika kuzoa tope. Kwenye udongo glifosati hushikwa, hilo ni kweli na ni sifa yake. Kwenye zege na vitofali haishikwi, mvua ya kwanza inaisomba kuelekea mtoni.

Lakini wanaotetea dawa wana hoja ambayo wapinzani wao wengi huikwepa: jembe si jibu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, kingo zinaparuliwa mpaka udongo unang'aa, na tope la mtaroni linarundikwa pale pale ukingoni lirudi na mvua inayofuata. Huo ni uharibifu ule ule. Tena sangari ukiikatakata kwa jembe, kila kipande cha shina la chini chenye kifundo kinaota. Ndago ni mbaya zaidi, kwa kuwa jembe linaitenganisha minyororo ya viazi vyake, na vile vilivyokuwa vimelala vinaamka. Kwa sangari dawa inafanya kazi vizuri. Kwa ndago inafanya nusu tu, maana kiazi kisicho na jani hakifikiwi na dawa.

Njia ninayoitetea ni kufyeka na kufunika. Fyeka ukiacha sentimeta 7 hadi 10. Kwa urefu huo ukoka hutambaa na kushika udongo, na majani marefu yanayohitaji mwanga hudhoofika. Yaliyofyekwa yana wateja. Ukitangaza siku ya kufyeka, wenye ng'ombe watakuja kuyachukua wenyewe. Bustanini na chini ya miti tandaza maranda, maganda ya kahawa au pumba za mpunga kutoka mashine za Mabogini, karibu na Moshi, unene wa sentimeta 7 au zaidi, ukiacha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina la mti lisioze. Unene ukipungua hapo mwanga unapenya na kazi yote ni bure. Ndago haipendi kivuli: chimbua kwa uma wa bustani wakati udongo una unyevu, fuata uzi wake hadi kina cha sentimeta 15, kisha panda viazi vitamu vifunike. Kila baada ya wiki mbili au tatu ng'oa inayochomoza, kabla haijatengeneza viazi vipya.

Gugu karoti lina kanuni yake. Linaweza kutoa maua wiki 4 hadi 6 baada ya kuota, na mche mmoja mkubwa hutoa mbegu zaidi ya 15,000. Anayesubiri usafi wa mwisho wa mwezi mara nyingi atalikuta limeshachanua. Kulifyeka hakusaidii, linachipua na kuchanua likiwa fupi. Ling'olewe na mzizi baada ya mvua, kwa glavu na barakoa kwa sababu linawasha ngozi na kuchochea pumu, na lisiingie kwenye furushi la ng'ombe, kwani linamdhuru na kuyapa maziwa uchungu.

Siki ya jikoni inaunguza majani machanga na kuacha mzizi. Chumvi inaua udongo kwa muda mrefu na kuila saruji. Maji ya moto yanafaa kwenye nyufa yakimwagwa yakiwa bado yanachemka, ila yarudiwe mara kadhaa kwa mwaka, na gesi au mkaa si bure.

Kwenye vitofali vya uani na vya kando ya barabara suluhisho kuu ni kuziba mwanya wenyewe. Kwangua udongo uliojaa humo kwa kisu kirefu, rudishia mchanga mkavu uliochanganywa na saruji, sita kwa moja, fagia uingie, nyunyiza maji. Ubaya wake ni kwamba maji ya mvua hayazami tena, hivyo eneo kubwa liachiwe mteremko wa kutosha. Sangari ikiwa imeshapita chini ya vitofali, hapo nakubali dawa: kwa brashi, jani kwa jani, siku isiyo na dalili ya mvua, na mchana ambao mwenye uani yupo kuwaambia watoto wasikae pale.