Kaunta Isiyosema Kitu

Hakuna Mpemba anayegombana na mvua ya masika. Ndege zetu nyingi ni ndogo, zile Cessna Caravan za injini moja, abiria kumi na wawili hivi na imejaa. Wingu likishuka juu ya Chake, rubani hana budi kugeuza au kubaki Kisauni, uwanja wa Unguja, mpaka kutakate. Angekuja kwa nguvu hapo ndipo ningemlalamikia. Kwa hiyo kuchelewa kwa ndege nimesamehe. Kunyamaziwa, hapana.

Masika haya nilikuwa na safari ya saa tatu asubuhi kwenda Unguja. Mimi natoka Wete, maana yake alfajiri nimeshaamka kutafuta gari. Nikapimwa mimi, likapimwa na begi (kijana wa mizani hasamehe hata robo kilo), nikapewa kikaratasi changu, nikakaa. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Kaunta imebaki kiti na feni. Akitokezea mtu, jibu lake ni lile lile: "Kaeni kidogo, inakuja." Inatoka wapi? Imesharuka? "Inakuja, bwana."

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mwenye miadi hospitali ya Mnazi Mmoja, kadi yake kaishika pamoja na kikaratasi cha ndege. Kila akisikia ngurumo anatia miguu kwenye makubazi, anainuka, anachungulia dirishani, anakuta ni radi. Anakaa, anavua tena.

"Mwanangu, hebu niulizie."

"Nimeshauliza, bibi. Wanasema inakuja."

"Si ndo walosema toka asubuhi?"

Kinachoniudhi ni kwamba kampuni inajua. Ndege hizi hazilali uwanjani zikimsubiri abiria wa Pemba. Ile ile iliyoanza Dar ndiyo itakayopita Unguja, ije Pemba, pengine iguse Tanga, kisha irudi. Ikikwama kituo cha kwanza saa moja asubuhi, aliyekaa na ratiba anaona pale pale kwamba siku nzima imeshaharibika. Na namba zetu za simu wanazo. Nilipolipa tiketi, ujumbe wa kuthibitisha malipo uliniingilia kabla sijaweka simu mfukoni. Wangeniletea mwingine wa maneno matano, ningekuwa Wete nakunywa chai, na yule bibi angempigia mtu wake wa Unguja akamwombee nafasi ya mchana.

Adhuhuri ndege ikatua. Wakaitwa kwanza wenye kuunganisha safari za Ulaya usiku ule. Sina kinyongo na wageni, nusu ya ukoo wetu unakula kwa utalii. Lakini daktari wa Mnazi Mmoja naye hasubiri, na hakuna aliyetuuliza sisi tunaunganisha nini.

Huko Ulaya wanakokwenda, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inaibana kampuni ya ndege. Safari ikichelewa kwa saa kadhaa, abiria apewe chakula na njia ya kuwasiliana na watu wake, hata kama kosa ni la mvua. Fidia ya pesa, kati ya euro 250 na 600, ndiyo wanayoweza kuikwepa kwa kisingizio cha hali ya hewa. Mimi hata hizo euro sizitaki. Nataka mtu aje mbele, aseme ndege iko wapi na itaondoka saa ngapi, na ikibidi arudi baada ya saa moja aseme tena. Chupa ya maji si mbaya pia, maana siku ile tulinunua wenyewe.

Sisi wengine tukaondoka alasiri. Nusu saa tu angani, na bahari imetulia kama si yeye. Bibi alifika Mnazi Mmoja kliniki imeshafungwa, akapangiwa tarehe nyingine. Nilipouliza nani atamlipia nauli ya safari ya pili, nikaambiwa tuandike barua pepe.

Nimeandika, na nakala nimepeleka kwa lile baraza la watumiaji wa usafiri wa anga lililo chini ya TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambalo wengi wetu hatulikumbuki. Bibi mwenyewe barua pepe hana. Simu yake ni ya kitochi, lakini ujumbe mfupi inapokea.