Kasia Limegeuka Pangaboi

Nadaiwa shilingi 18,000 na mama mmoja anayeuza chai Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, na deni lenyewe limetokana na hisabati. Nikisema hivyo watu wanadhani nilikosea chenji.

Nilikuwa najifunza kutengeneza gemu kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na Pygame, kifurushi chake cha gemu, kwenye kompyuta ya mtumba ambayo nusu ya bei yake alitoa mjomba. Gemu yenyewe haina makuu: mvuvi anaondoka Kirumba na mtumbwi, anakwepa magugumaji, anapita Jiwe la Bismarck, anafika Kisiwa cha Saanane. Mtumbwi niliuchora. Kasia nikaona uvivu kulichora, nikalipiga picha kasia halisi la mjomba, limelazwa juu ya shuka jeupe la mama, ambaye hakuulizwa.

Mjomba wangu ana mambo yake. Wenzake wanafunga injini, wengine wanapiga kafi la mkononi, yeye amefunga makasia mawili marefu ubavuni mwa mtumbwi kwa kamba. Anasema mabega yake yalistaafu kabla yake.

Asubuhi ya kumwonyesha, dagaa walikuwa wameshaanikwa. "Wangaluka, mjomba," nikasalimia kwa Kisukuma, kwa heshima zote, maana nilitaka anione mtaalamu. Akaita watu. Wakaja wavuvi, wachuuzi, na yule mama wa chai na chupa yake yenye maua mekundu. Nikabonyeza.

Mvuvi akatokea. Kasia likainama kidogo. Kisha kikatokea kisanduku cheupe, kikapanuka, kikapanuka tena, na kabla sijasema "ngoja kwanza" weupe umeshafunika ziwa, Bismarck, Saanane na mvuvi mwenyewe. Feni ya kompyuta ikalia kama injini iliyokosa maji. Halafu kila kitu kikaganda.

Kimya.

"Mpwa," mjomba akasema polepole, "umemvisha mvuvi sanda."

Wanaume wawili wakainuka wakaondoka bila kuaga. Siwalaumu. Huwezi kumwonyesha mtu sanda asubuhi halafu utegemee usiku aingie ziwani akipiga mluzi.

Usiku ule nikakaa na kosa langu hadi likanielewesha. Picha kwa kompyuta ni mstatili tu, haijui kasia wala shuka. Ukiuinamisha mstatili, pembe zake zinadai nafasi, hivyo Pygame inakupa mstatili mwingine mkubwa zaidi wa kuutosha. Ile nafasi ya ziada, kwa kuwa picha yangu ilikuwa JPG, aina ya faili isiyojua kuacha sehemu wazi bila rangi, inapakwa rangi ya pikseli, yaani kitone cha picha, cha kona ya juu kushoto, na kona hiyo ilikuwa shuka la mama. Hapo bado ningesalimika. Ila mimi kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa upya, nilikuwa nachukua picha iliyokwisha kuzungushwa, naizungusha nyuzi 2 nyingine. Boksi ndani ya boksi ndani ya boksi. Kasia la pikseli 200 kwa 20, baada ya fremu 60, yaani sekunde moja, boksi lake linapita pikseli 800 kila upande. Dirisha langu lote ni 800 kwa 600. Kumbe ziwa lilikuwa na sekunde moja tu ya kuishi.

Dawa: picha ya asili iachwe kama ilivyo, isiguswe, na kila mara uzungushe hiyohiyo kwa pembe nzima unayoitaka. Nikakata shuka lote kwenye picha, nikaihifadhi kama PNG, aina inayojua uwazi, nikarudi Mwaloni kifua mbele.

Safari hii hakuna sanda. Kasia likazunguka vizuri, laini kabisa, katikati yake.

"Hilo ni pangaboi," mjomba akasema.

Watu wakacheka mpaka dagaa wakasahaulika juani. Mtu akauliza kama mvuvi anasikia joto. Nikajitetea: "Mjomba, picha inazungukia katikati yake."

"Nani kaiambia katikati?"

Sikuwa na jibu, maana aliyeiambia ni mimi. Mjomba akaenda mtumbwini, akafungua kasia, akaja nalo. Ni refu kuliko mimi na yeye tukibebana. "Simama hapa. Wewe ni mtumbwi." Akapitisha kamba kwenye mkanda wa suruali yangu, akalifungia kasia ubavuni pangu, mpini akaushika yeye, bapa likatokeza upande wa pili kuelekea kwa watu.

"Tazama. Mkono ukienda mbele, bapa linarudi nyuma. Mkono ukirudi, bapa linaenda mbele. Kamba je? Kamba iko palepale."

Nikakumbuka darasa la nyenzo shule ya msingi: egemeo! Miaka yote nililikariri kwa ajili ya mtihani, kumbe lilikuwa linaning'inia kwenye mkanda wangu. Kwa furaha nikageuka niitazame vizuri hiyo kamba.

Sasa, mtumbwi ndio niliokuwa mimi. Mtumbwi ukigeuka, kasia halibaki nyuma. Bapa likapita hewani likikomba sinia la dagaa, dagaa wakaruka kama wamefufuka, na lilipomaliza sinia likakutana na chupa ya chai. Chupa ikaanguka taratibu, kwa adabu, wala nje haikupata hata mkwaruzo. Mama akaiokota, akaitikisa karibu na sikio. Kachakacha, kachakacha. Kioo cha ndani chote.

"Mwanangu," akaniambia, "hiyo kompyuta yako imefika mpaka huku?"

Dagaa nilisaidia kuokota, na mchanga wao. Kilichobaki ni hesabu. Unapima umbali kutoka kwenye kamba hadi katikati ya picha, unaushika kama vekta, yaani mshale wenye urefu na mwelekeo, unaizungusha vekta kwa pembe ileile ya picha, halafu katikati ya picha unaiweka pale vekta inapokufikisha. Kamba inatulia, vingine vyote vinazunguka. Mimi ilinichukua siku mbili zaidi, kwa sababu kwenye skrini y, yaani kipimo cha wima, inahesabiwa kwenda chini, basi picha ikawa inageukia kushoto na vekta inageukia kulia, na kasia likawa linaruka nje ya mtumbwi kama linamkimbia mvuvi. Alama moja ya kutoa mbele ya pembe ndiyo iliyokuwa inakosekana. Siku mbili, kistari kimoja.

Mara ya tatu mjomba alitazama muda mrefu, uso karibu na kioo. "Kamba imetulia," akasema, akarudi kushona nyavu zake. Kwake hizo ni sifa nyingi mno.

Nilikuwa nimeongeza kitu kwa ajili ya mama wa chai. Ufukweni mwa gemu nimechora chupa yenye maua mekundu; kasia likiigusa, unapoteza alama 10. Nikamwita aone. Akaangalia mvuvi akipiga kasia, bapa likaigonga chupa, ikaanguka.

"Imevunjika?"

"Ndiyo, mama."

"Na inalipwa lini?"