Kijibetri kimenikomesha
Jamani, ni mimi tu au na nyie rimoti ya gari imewahi kuwaumbua? Saa 12 asubuhi, Uyole, Mbeya, baridi ya Julai inang'ata masikio. Nabonyeza. Kimya. Naipuliza, naipigapiga gotini. Kimya! Gari zima limegoma kisa kijibetri cha volti 3, saizi ya kifungo cha koti?

Nachomoa ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, nafungua mlango. King'ora! Majirani wote dirishani. Mwizi wa gari lake mwenyewe? Kuwasha nako mpaka uigusishe rimoti kwenye kitufe, kama unaliombea.

Nafika Mwanjelwa naulizia betri ya CR2032, napewa CR2025. "Chukua tu bosi, zinafanana." Zinafanana wapi? Nyembamba, inacheza humo ndani kama jino bovu!