Asilimia 30 kwa mwezi

Kila mchezo wa makuta, ule unaoahidi kuzalisha pesa haraka kumbe unawalipa wa zamani kwa pesa za wapya, unapoanguka Goma, mashariki mwa Kongo, hukumu huwa ileile kuanzia Birere hadi Katindo: tamaa imewaponza. Wanaohukumu hivyo wangelitazama kwanza sanduku la AVEC, kikundi cha majirani cha kuweka akiba na kukopeshana.

Kikundi kina watu 15 hadi 25, sanduku la chuma, kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu tofauti. Kila juma mtu ananunua hisa. Anayekopa analipa riba ya asilimia 5, hata 10, kwa mwezi, na baada ya miezi 9 au 12 wanagawana. Mama muuza samaki wa Kituku aliyeweka dola 200 anaweza kurudi na 250, halali kabisa. Basi akiambiwa pesa huzaa, anaambiwa jambo aliloliona kwa macho, ila limetiwa mbio. Na baada ya mabenki ya Goma kufunga milango vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, nani angemshawishi kwamba salama iko benki?

Tapeli anaanzia hapo. Anapokea dola 20, siku ya 30 anarudisha 26 kwa M-Pesa, bila kuchelewa hata saa. Ndipo mtu analeta 500.

Sasa hesabu. Watu 10 walete dola 100 kila mmoja, na mwenye mchezo ajikatie 20 katika kila 100. Hakuna biashara ndani, kwa hiyo kuwalipa hao 10 dola 130 kila mmoja kunataka wapya 17. Ukiendelea hivyo, mwezi wa 12 unadai wapya karibu 3,400. Wa 18, zaidi ya 62,000. Siku mchezo unapokatika, watu 6 katika kila 10 waliowahi kuingia wameingia katika miezi miwili ya mwisho. Yaani walio wengi ndio waliosubiri, wakaona majirani wakilipwa mwaka mzima, wakaridhika. Hiyo ni tamaa gani?

Kweli, wapo wanaojua, wanaokula asilimia 10 kwa kila ndugu wanayemleta. Hao sina neno la kuwatetea.

Dalili ya mwisho inafahamika: kutoa pesa kunawekewa kikomo, kisha wanadai dola 15 za "kufungua konti". Watu wanalipa. Kwa dola 15 mtu ananunua juma moja zaidi la kutomwambia mume wake.