Mgeni akikana malipo ya kadi, usijibu na hasira

Nina gesti ndogo hapa Nakuru, si mbali na geti ya park, na hii maneno ya chajibeki, yaani mwenye kadi analalamika kwa benki yake na pesa inachukuliwa kwako, imenikuta mara mbili. Mara ya kwanza nilipoteza shilingi 38,600 na juu yake benki ikakata ada, ya pili pesa ikarudi. Nataka niseme tofauti ilikuwa wapi juu naona wafanyibiashara wengi wakiliwa hivi hivi na wananyamaza.

Ile ya kwanza imeili ya benki yenye notisi ilikuja Ijumaa ikalala kwa spamu mpaka wiki iliyofuata, kuiona nikapandwa na hasira nikaandika kurasa mbili, vile tulimpokea usiku, vile tulimpikia samaki, vile mtu anaweza kukosa shukrani namna hiyo. Hakuna aliyejali. Yule anasoma faili huko benki hajui mimi ni nani na hana haja na uchungu wangu, anaangalia kitu moja tu: mwenye kadi amedai nini, na hii karatasi inajibu hilo dai ama haijibu.

Kwa hivyo kabla hujaandika neno, tafuta ile namba ya sababu kwa notisi. Kwa Visa 10.4 ni mtu anasema si yeye alilipa na kadi haikuwa mbele yako, 13.1 ni hakupata huduma au mzigo, 13.7 alikansel na hakurudishiwa, 12.6 amekatwa mara mbili. Mastercard wana namba zao lakini mambo ni yale yale. Kila moja ina ushahidi wake. Mtu akisema alikansel, kumtumia picha ya sahihi yake siku ya kuchekin haisaidii kama hukuonyesha masharti ya kukansel aliyoyakubali kabla ya kulipa.

Ya pili ilikuwa 13.1, mama mmoja alidai hakuwahi kupata huduma. Tulikaa na dada wa risepsheni tukatoa fomu ya kuchekin yenye sahihi, risiti ya dobi aliyosaini, na meseji ya WhatsApp ya siku ya pili saa moja asubuhi, akiuliza kama flamingo bado wako ziwani ama wamehamia Bogoria na kama tunaweza kumpakia kiamshakinywa abebe. Namba ya simu ni ile ile aliyoweka akibuku. Hiyo skrinshoti ndiyo ilibeba kesi, naamini hivyo kabisa. Barua yetu ilikuwa ukurasa moja, hakuna tusi, tarehe zimefuatana.

Siku ndio zinaua watu. Mwenye kadi mara nyingi ana siku 120 za kulalamika, wewe unapewa chache sana, na benki yako nayo inajiwekea siku zake za kupanga makaratasi kwa hivyo usishangae ukibaki na wiki moja. Ukinyamaza umekubali. Na tafadhali usirifandi kando dispute, yaani hilo lalamiko, ikiwa imefunguliwa, watu wametuma pesa kwa M-Pesa ndio yaishe alafu benki ikachukua tena, ukalipa mara mbili.

Lakini kama kosa ni lako kubali tu. Stima ikipotea na PDQ, ile mashine ya kadi, ikwame katikati, cheki kwanza kama malipo ya kwanza yalipita kabla ya kuingiza kadi tena, juu hiyo 12.6 hutaishinda na mteja ako na haki yake.

Mgeni akiwa mbele yako achomeke chipu na aweke PIN, hapo akidai kadi iliibiwa hasara kwa kawaida ni ya benki yake. Link ya malipo nayo iwe ile inamuitisha OTP, ile namba ya siri benki yake inamtumia kwa simu, inakukinga vivyo hivyo kwa madai ya wizi, ingawa haikukingi akisema hakuhudumiwa. Kwa wale wanauza online, kama rafiki yangu wa Kisumu wa vikapu vya gugu maji, tangu Aprili 2023 Visa wanakubali kwa 10.4 uonyeshe manunuzi mawili ya zamani ya kadi hiyo hiyo ambayo hayakulalamikiwa, ya kati ya siku 120 na 365 kabla ya lalamiko, yenye IP (namba ya intaneti aliyotumia) ama kifaa kile kile, simu au kompyuta, pamoja na kitu kingine kinacholingana kama anwani. Weka rekodi.

Alafu angalia jina linalotokea kwa stetimenti ya mteja. Langu lilikuwa jina la kampuni tuliyosajili kitambo, halifanani kabisa na la gesti, mtu akiliona akiwa Ujerumani atasema ameibiwa, na simlaumu. Nilienda benki wakabadilisha.

Na nyinyi watu wa benki, nikichelewesha mkopo siku moja mnanipigia simu kabla sijafungua geti. Dispute yenye dedilaini mnatuma imeili moja na mnanyamaza. Tupigieni simu na hiyo pia.